Sauti ya Kengele na Kioo cha Kuazima

Mkeka uliochakaa huitwa mbacha. Kingo zake zimefumuka, katikati umeliwa na magoti ya mwenyewe, na mgeni akibisha hodi huviringishwa haraka na kufichwa nyuma ya mlango. Hata hivyo, ndio unaomlaza mwenyewe kila siku, na ndio unaoyajua machozi ya sala zake. Msala mzuri unaopita njiani, begani mwa mtu mwingine, unapendeza, hilo habishi mtu, ila unapita. Wahenga hawakutukataza kuusifu. Walitukataza kuutupa mkeka wetu kwa ajili yake. Mwanamke mmoja, fundi wa cherehani, aliijua methali hiyo tangu utotoni, kama tunavyoyajua mengi tusiyoyatii.

Mama yake fundi huyo mtaa mzima ulimwita Kengele. Kila alfajiri alifungua mlango wake, akasimama kizingitini na kupaaza sauti: "Amkeni! Jua halina mjomba!" Hapo madirisha yalifunguka moja baada ya jingine, na waliojisingizia homa wakaona haya. Dereva wa jirani alikuwa akisema hajawahi kununua saa ya kuamshia, ya nini naye anaishi ukuta mmoja na Kengele? Hata siku alizogombana naye, aliamka kwa sauti yake.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mwanzo walidhani ni mafua. Wakampa asali, wakampa tangawizi, wakamwombea. Ilipofika mahali akawa anasema maneno matatu anapumzika, fundi alimpeleka hospitali, na daktari akawaeleza bila kuzunguka. Kulikuwa na uvimbe kooni, pale pale sauti inapotengenezwa. Ilibidi asafirishwe hadi hospitali kubwa ya ng'ambo ukatolewe, na ukitolewa, sauti nayo ingeondoka. Uhai angebaki nao kwa uwezo wa Mungu. Kusema, hapana.

Jambo hilo liliwachoma wote kama mkuki, kwa sababu Kengele hakujua kusoma wala kuandika. Yote aliyotaka kuwaachia wajukuu wake yalikuwa kooni mwake. Wanawe walimsihi aseme warekodi, naye akawafukuza kama kuku waliovamia mtama.

"Mnanirekodi kama nani? Marehemu?" alisema. "Mmenizunguka na nyuso za msibani, halafu mnataka niseme. Nikiwa tayari nitasema."

Siku ya safari, kaka yake fundi aliwasindikiza hadi uwanja wa ndege. Alimvuta dada yake pembeni.

"Dada, upasuaji tumemwachia Mungu na madaktari. Wewe kazi yako ni moja. Usirudi bila sauti ya Mama."

"Nikirudi bila hiyo nitawatazamaje?" fundi akajibu, huku akiigusa simu mkobani.

Simu yenyewe ilikuwa kuukuu. Kioo kilikuwa na ufa uliokatiza kutoka pembe hadi pembe, na mfuniko wa nyuma ulishikiliwa na lastiki ya kushonea viuno vya sketi. Wateja walimtania, "Fundi, na hii nayo inasubiri kiraka?" Alicheka nao, lakini kila kicheko kilimwachia mwiba mdogo moyoni. Ndani ya ndege, alipoona abiria wenzake wametoa simu zinazong'aa kama vijiko vipya, aliisukuma yake chini kabisa ya mkoba, chini ya dawa za mama na kitabu cha sala.

Ndege ilipokaa sawa angani, mhudumu alipita akisukuma kigari chenye vishikwambi, zile tableti pana, nyembamba. Ndege ile haikuwa na runinga migongoni mwa viti, kwa hiyo shirika liliwaazima abiria vishikwambi watazame filamu. Fundi alikipokea cha kwake kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa safi hata akaiona nywele moja iliyochomoza kwenye kilemba chake. Alivaa vipokea sauti masikioni mara moja, akaanza kutafuta filamu. Kwa hiyo mhudumu aliposimama mbele na kutangaza, fundi aliona midomo tu ikicheza.

"Mnaweza kupiga picha humo, na watoto wacheze," mhudumu alikuwa akisema. "Lakini kabla ya kutua tutavikusanya, na kila mlichoweka kitafutika. Kitu chako cha thamani kiweke kwenye simu yako."

Kengele alikataa cha kwake. "Mpe mwingine, mwanangu," alimwambia mhudumu. "Mimi nimekuja kutazama mawingu. Haya sitayaona tena bila tiketi."

Akayatazama kweli. Shavu lake aliliegemeza dirishani, na uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu siku ile ya daktari, ukakunjuka polepole. Huko juu hakukuwa na mtu wa kumlilia. Baada ya muda alimgusa fundi bega.

"Sasa niko tayari."

Fundi alivua vipokea sauti upesi. "Tayari kwa nini, Mama?"

"Mlitaka niseme. Nitasema. Toa simu yako kabla sijabadili nia."

Mkono wa fundi ulikwenda hadi kwenye zipu ya mkoba, ukasita. Upande wa pili wa njia alikaa bwana mmoja mwenye suti, viatu vyake vikimetameta. Fundi aliiona ile lastiki ya sketi akilini, akauona ule ufa. Akarudisha mkono.

"Mama, tutumie hiki. Tazama kilivyo safi! Ile yangu ukijirekodi unatokea kama uko ndani ya chungu."

"Hilo sinia?" Kengele alikitazama kishikwambi kwa jicho moja. "Si la wenyewe?"

"La wenyewe, lakini liko mikononi mwetu."

"Hata mtoto wa jirani huwa mikononi mwetu. Jioni anaitwa kwao."

"Mama jamani! Nitaihamishia kwangu baadaye. Wewe sema, nakushika vizuri."

Kengele alinyanyua mabega. Alijiweka sawa, akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akaanza. Sauti ilitoka nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Alimwita kila mjukuu kwa jina lake, mmoja baada ya mwingine. Huyu alimkumbusha alivyomficha siku alipovunja mtungi, yule akampa siri ya kuishi na mume mwenye hasira. Mwingine alimtania mpaka yeye mwenyewe akacheka na kukohoa. Kila mmoja alimpa lake, na kila mmoja alimwombea.

Fundi naye alikuwa na kazi nyingi. Kilemba cha mama kilienda upande, akakiweka sawa. Mwanga wa dirishani ulimpiga mama shavuni, akainamisha kioo. Mara alitaka uso wote uonekane, mara alitaka mawingu yawemo. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, na masikio aliyaachia kioo.

"Basi," Kengele alisema mwishoni, kwa mnong'ono. "Kisima kimekauka." Akanywa maji, akafumba macho.

Fundi alifungua rekodi, akatazama mwanzo wake kidogo. Picha ilikuwa kama maji ya mtungini. Moyo ukamjaa, akamshukuru Mungu. Kisha akaona pale pembeni filamu ya mshonaji aliyeitwa kumshonea malkia gauni, akasema atazame kipande tu.

"Huhamishi?" mama aliuliza bila kufumbua macho.

"Nahamisha, Mama. Safari bado ndefu."

Lakini filamu ina utamu wake, na safari ya ndege nayo huisha. Ndege ilikuwa imeanza kushuka Kengele alipoomba kupelekwa msalani. Fundi alikiweka kishikwambi kwenye mfuko wa kiti, akamshika mama kiuno, wakaenda hatua kwa hatua wakishikilia migongo ya viti. Huko walikawia, maana mgonjwa haharakishwi. Waliporudi, mfuko wa kiti ulikuwa mtupu.

Fundi aliinama chini ya kiti. Akapekua blanketi. Akamwita mhudumu kwa sauti iliyowageuza watu.

"Vimekusanywa, dada," mhudumu alisema. "Kaa ufunge mkanda, tunatua."

"Kuna sauti ya mama yangu mle!"

Mhudumu alimtazama Kengele, mkono wa mgonjwa ukiwa kooni, akaelewa nusu ya habari. "Kasha limeshafungwa, na sasa siruhusiwi hata mimi kusimama. Tukitua nitakwenda nawe mwenyewe. Omba Mungu tuwahi."

Fundi aliomba. Aliomba bila maneno, kama mtu aliyetumbukia majini. Ndege ilitua, milango ikafunguliwa, na hapo likatokea jambo ambalo hakulifikiria: msafiri wa kiti cha magurudumu, kama mama yake, hushushwa wa mwisho. Abiria walipita wote, mizigo yao ikimgonga magoti, na alipochungulia dirishani aliwaona wapakuaji wakiliweka kasha la vishikwambi kwenye gari dogo na kuondoka nalo.

Ndani ya jengo alimwacha mama na msukuma kiti, akafuatana na mhudumu hadi mlango ulioandikwa Wafanyakazi Tu. Ndani kulikuwa na kabati lenye rafu nyingi, na kwenye rafu vishikwambi vimesimamishwa kama vitabu, kila kimoja kimechomekwa waya, kila kimoja kina taa ndogo ya kijani. Mtaalamu wa mitambo mwenye miwani aliuliza namba ya kiti, akapitisha kidole kwenye vibandiko, akachomoa kimoja na kumkabidhi. Kioo kiliwaka, safi vile vile.

Kiliandika: Karibu! Chagua lugha.

"Kirudishe nyuma kidogo tu," fundi alisihi. "Tafadhali, kaka yangu. Kidogo tu."

Mtu yule alivua miwani. "Dada yangu, lingekuwa begi limepotea, ningelala hapa nikilitafuta. Hiki hakikupoteza. Kimesahau. Kikichomekwa waya kinasahau, ili abiria wa kesho asione ya abiria wa leo. Ndivyo kilivyotengenezwa."

Hakukuwa na wa kumlaumu. Mhudumu alikuwa ametangaza, na mama alikuwa amesema. Fundi alirudi ukumbini, akapiga magoti mbele ya kile kiti cha magurudumu.

"Mama, nimeipoteza. Yote. Nisamehe."

Mabega ya Kengele yakaanza kutikisika, na fundi akadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti.

"Mtoto kaitwa kwao," alinong'ona. Akanyoosha mkono. "Leta hilo gae lako."

Fundi alipekua chini ya dawa, chini ya kitabu cha sala, akaitoa ile simu. Lastiki ilimponyoka vidoleni, akairudishia, akabonyeza kurekodi. Safari hii hakutazama kioo. Alimtazama mama.

Kengele alivuta pumzi, akafumba macho, akakusanya kilichobaki.

"Amkeni! Jua halina mjomba!"

Bwana mmoja aliyesinzia juu ya mabegi yake alishtuka akasimama wima, akitafuta aliyemwita. Watu wakacheka. Kengele naye akacheka, akafungua mdomo amtaje mjukuu wake wa kwanza. Ukatoka upepo tu. Akajaribu tena. Upepo.

Jioni hiyo wauguzi walimkataza kujaribu hata neno moja, na asubuhi akaingizwa kwenye chumba cha upasuaji.

Mungu alijibu lile kubwa. Kengele alirudi nyumbani akiwa hai, kitambaa cheupe shingoni, anakula, anatembea, anatishia watoto kwa kidole. Ndugu walikusanyika sebuleni. Fundi aliwaeleza kila kitu bila kujipunguzia, kisha akaiweka simu mezani na kufungulia ile rekodi. Magurudumu ya mizigo yalisikika yakikwaruza sakafu, na juu yake ikapanda ile sauti. Ilikwisha kabla chozi la kwanza halijafika kidevuni.

Mjukuu mdogo kuliko wote, binti asiye na meno mawili ya mbele, alimvuta fundi sketi. "Shangazi, na mimi Bibi alinambia nini?"

Fundi alifumba macho atafute. Alikikumbuka kilemba kilivyokwenda upande. Aliukumbuka mwanga shavuni, na mawingu yalivyokaa vizuri pembeni ya picha. Neno hata moja hakulipata.

"Alikutaja, mwanangu," alisema hatimaye. "Hilo najua. Alichokwambia sikukisikia, na nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega."

Kengele ndiye aliyemwita mtoto kwa mkono, akampakata, akaweka kiganja utosini pake na kukiacha hapo muda mrefu.

Baadaye kaka mtu alileta simu mpya ndani ya boksi. "Dada, hilo gae sasa lipumzike."

"Ahsante, kaka. Hii mpya nitapokelea wateja," fundi alimjibu. "Lakini gae halitoki nyumba hii."

Hadi leo ile simu ya lastiki hukaa juu ya dirisha la Kengele. Alfajiri ikifika, hupaaza sauti yake yenye ufa, na dereva wa jirani huamka. Kengele huwa ameshakaa kizingitini, midomo yake ikicheza sambamba na maneno. Fundi, akipita na mkoba wake wa vitambaa kwenda kazini, husimama hapo na kusikiliza mpaka mwisho, kisha humbusu mama paji la uso na kujisemea moyoni: usiache mbachao kwa msala upitao.