Kofi la Jiwe la Tatu

Kaeni karibu, nami nisikie mkiitika. Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Ottilie, mjukuu wa Gundel, majira ya baridi ya mwaka 1883, kijijini Hohlenbach, Ujerumani.

Kijiji hicho kilibanwa kati ya kilima na kijito, na mipaka yake ilikuwa mawe matatu. Zamani wazee waliizunguka mipaka pamoja na watoto, na kwenye kila jiwe wakamzaba mtoto mmoja kofi, asipasahau maisha yake yote. Vita vikaja, desturi ikaachwa.

Ndipo zimwi la kijitoni likayameza mawe yote.

"Nionyesheni yalipokuwa," likanguruma. "Mkikosea hata moja, nawala nyote."

Mahali pa jiwe la kwanza wakapapata. Pa la pili wakapapata. Pa la tatu hakuna aliyepakumbuka. Hapo shavu la Gundel likaanza kuwaka, akalishika. Alikuwa mjane waliyemwita mchawi na kumfukuza kisimani.

"Sema, kikongwe!" akafoka Veit, mkuu wa kijiji.

"Jana ulinitemea mate, Veit. Leo wanitaka?"

Lakini nyumbani alikuwa na mjukuu. Akatembea, shavu likizidi kuwaka, hadi likachoma kama kaa la moto. Akasimama.

"Ni hapa. Baba yako alinizaba hapa."

Zimwi likayatapika mawe kwa hasira, likazama. Veit akacheka. Gundel akamzaba kofi lililomlaza chini.

"Nawe usipasahau." Tangu siku hiyo desturi ikarudi.

Gundel, Veit na Ottilie wote wamekufa. Zimwi li hai, linasubiri mwaka ambao hakuna mtoto atakayezabwa.