Kimya cha Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya leo ina kelele. Zibeni sikio moja, la pili niachieni mimi.

Hapo zamani za kale, kwenye kilima cha mawe, waliishi Pimbi, Kanga, Korongo na Kobe. Mungu wao mmoja, sala zao mbalimbali. Pimbi alipanda jiwe akaita, wiii! wiii! Kanga alioga vumbi kwanza, puru puru, ndipo akainamisha kichwa. Korongo alicheza akipiga mabawa, pwa! pwa! Kobe je? Alilaza kidevu chini akanyamaza, basi. Wenzake wakamcheka: "Huyo haombi, analala!"

Asubuhi moja Mama Pimbi akaamka, mwanawe Sikudhani hayupo. Akatazama mwambani, hayupo. Akatazama vichakani, hayupo. Roho juu! Akapanda jiwe: wiii! wiii!

"Sala gani hiyo, Mama Sikudhani?" Kanga akasema. "Hujaoga, itapokelewa?"

Mama Pimbi mbio, akagaagaa vumbini, puru puru. Mtoto hayupo.

"Vumbi litaleta nini?" Korongo akadakia. "Cheza, shoga, cheza!"

Mama Pimbi mbio, akacheza huku analia. Mtoto hayupo.

Basi Kanga na Korongo wakaanza kushindana. Kakaraa! Pwa! pwa! Kila mmoja anataka sala yake imzidi mwenzake, kilima kizima kinavuma. Mama wa watu katikati, aende huku, arudi kule. Jamani, kinachotafutwa ni mtoto au ni ushindi?

Kobe akajikokota mpaka kwa Mama Pimbi.

"Dada, umeomba kwa Kanga, umeomba kwa Korongo. Njoo na kwangu. Kidevu chini. Nanyi majirani, nawasihi, kidogo tu."

Wakaona haya. Wakalaza videvu. Kimya.

Chini ya ardhi: wii... wii...

"Mwanangu!"

Ufa wa mwamba alimoingia ulikuwa umezibwa na udongo ulioporomoka. Kanga akachakura, kwaru kwaru, ukafunguka. Korongo akazamisha shingo yake ndefu, akamtoa Sikudhani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama," mtoto akasema, "kila ulipoita, niliitika."

 Mama Pimbi akamkumbatia, akalia.

Tangu siku ile kila mmoja huomba kwa desturi yake, lakini kwanza wote hulaza videvu wakanyamaza.

Funzo, watoto, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: asiyenyamaza kusikia sala ya jirani, hata kilio cha mwanawe kitampita.

Hadithi yangu naifunga hapo. Kabla hamjapiga makofi, nyamazeni kidogo.