Kizibo cha Bwawa la Vumbwe

Hapo zamani, nyinyi hamjazaliwa na mimi bado sijajifunza kudanganya vizuri, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Vumbwe. Sogeeni. Wewe unayetafuna, tafuna polepole, maana hadithi hii ina hesabu na sitairudia.

Vumbwe walikuwa na bwawa moja. Kijito kililijaza usiku kucha, na asubuhi kizibo cha mti kilivutwa, maji yakateremka mferejini mpaka shamba moja. Leo shamba hili, kesho lile. Aliyeshika kizibo ndiye aliyesema maji yaende kwa nani, na kwa miaka thelathini kizibo kilishikwa na Mzee Senkondo, akisaidiwa na wazee wenzake sita.

Mzee Senkondo alikuwa mtu wa adabu. Ukienda kwake kulalamika kwamba zamu imekuruka, anakupa kigoda, anakuuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha anakwambia, "Suala lako limepokelewa." Unatoka umefurahi. Unafika shambani, mahindi yamekauka. Zamu ilizunguka kwa haki kabisa, ila ilikuwa na kawaida ya kuchoka ikifika kwenye mashamba ya wazee saba, ikapumzika hapo siku mbili tatu.

Mwisho wa mfereji palikuwa na shamba la Nakijwa, mjane. Mashemeji zake walikuwa wamemwambia wazi: shamba likikauka misimu mitatu mfululizo linarudi kwa ukoo, naye arudi kwao. Misimu miwili ilikuwa imepita. Nakijwa alikwenda kwa Mzee Senkondo mara tisa, na mara zote tisa alipokelewa.

Sasa palikuwa na mtu akiitwa Chilongani. Huyu alitoka huko chini tambarare, akiswaga punda wa chumvi. Akaja mara moja, akaja mara ya pili, mwishowe akabaki. Hakuwa na shamba, hakuwa na ukoo, na mdomo wake haukuwa na mlango. Harusini alisema wali ni mbichi. Na kweli ulikuwa mbichi, ila sisi wengine tuliumeza kwa heshima ya bwana harusi.

Siku moja wazee wamekaa ukutani mwa bwawa wanagawa zamu, watu wamesimama na majembe yao, Chilongani akapita kunywesha punda. Akachungulia majini.

"Nyinyi wazee," akasema, "bwawa lenu nusu matope. Hamjalizoa tangu nije hapa. Mnagawa matope, na hayo maji kidogo yaliyobaki mnapelekeana wenyewe."

Akawageukia wenye majembe.

"Na nyinyi ni wajinga. Mnanyimwa maji, mnasema ahsante."

Wazee walingoja watu wakasirike. Watu hawakukasirika. Mama mmoja alicheka mpaka akaegemea jembe asianguke. Maana sikilizeni: Senkondo aliwadharau miaka thelathini kwa maneno matamu, wakakosa pa kushika. Huyu aliwatukana kweupe, na ndani ya tusi lake mlikuwa na habari za mahindi yao.

"Siku ya kuchagua mshika kizibo ikifika, nasimama mimi," akasema Chilongani, akaondoka na punda wake.

Wazee walicheka siku tatu. Siku ya nne wakaacha.

Wakasema, "Huyu ni mgeni." Watu wakasema, "Tunajua," na wanaomtaka wakaongezeka.

Wakasema, "Huyu hana adabu." Watu wakasema, "Tumemsikia," na wanaomtaka wakaongezeka.

Wakasema, "Huyu hajui mambo ya maji, anajua punda." Watu wakasema, "Punda wake wanakunywa kila siku," na wanaomtaka wakaongezeka tena.

Mwisho wakapiga mbiu: atakayetaja jina la mtu huyu, zamu yake imefutwa. Ndugu zangu, utamfutiaje mtu kitu asicho nacho? Jina likatajwa sokoni, likatajwa matangani, likatajwa na wasiolijua. "Kwani ni jina gani limekatazwa?" waliuliza, wakaambiwa.

Siku ikafika. Vumbwe walichagua kwa kupanga mstari. Mgombea anasimama, anayemtaka anasimama nyuma yake, mchana kweupe, kila mtu anamwona kila mtu. Wazee, ambao ndio waliopanga mambo, wakamweka Senkondo upande wa kivuli cha migomba, na mtungi wa pombe ya miwa pembeni. Chilongani wakamweka upande wa tope, juani.

Kabla ya watu kujipanga Chilongani alisema maneno machache. "Sina ukoo hapa wa kumpendelea. Bwawa likijaa mara ya kwanza, maji yake nitampa yule atakayenipa kizibo. Nimesema."

Basi mstari ukaanza, na watu wote wakaenda kivulini. Wote! Walewale wa sokoni. Kule midomo ilikuwa myepesi, lakini mbele ya macho ya wazee saba miguu ikawa mizito.

Nakijwa akatoka peke yake. Akapandisha kanga, akaingia topeni, akasimama nyuma ya Chilongani. Jua likampiga utosini, mashemeji zake wanamtazama kutoka kivulini wakinong'onezana, naye amesimama tu. Mtu wa pili hakuja.

Ndipo Mzee Senkondo, kwa adabu zake zote, akainuka amalize kazi.

"Ndugu zangu, tazameni mswaga punda amempata nani. Mama mwenye shamba kavu. Basi kama yupo mwingine mwenye shamba kavu, asione haya, amfuate."

Alikusudia wacheke. Hawakucheka. Waligeuka, wakatazamana. Huyu anamtazama yule, na yule anayajua mahindi ya huyu. Miaka thelathini kila mmoja alidhani zamu imemruka yeye tu, akaona aibu, akanyamaza. Mmoja akaweka kata ya pombe chini, akaenda topeni. Akafuata wa pili. Kisha wakaenda kwa makumi, na tope likawafika vifundoni.

Wakahesabiwa. Kivulini sitini, topeni sitini. Na kwa desturi ya Vumbwe, mistari ikilingana kizibo hubaki kwa mwenye nacho. Senkondo akaanza kutabasamu.

Ndipo akatoka Mbonea. Huyu alikuwa mkwe wa Senkondo, ameoa binti yake, na shamba lake halijapata kukosa maji hata msimu mmoja. Akatoka kivulini, akavuka mbele ya baba mkwe wake, akasimama topeni. Hamsini na tisa kwa sitini na moja.

Chilongani akapewa kizibo. Kazi yake ya kwanza aliwashusha watu wote bwawani, wazee kwa vijana, wakazoa matope siku nane huku akiwatukana kutwa. Wakazoa kwa furaha, sijui ni kwa nini.

Lakini mwaka ule mvua ilichelewa, na kijito kikakonda. Bwawa lililokuwa likijaa usiku mmoja sasa lilitaka siku sita, na kila mwenye macho aliona kwamba baada ya hilo hakuna jingine mpaka mbingu zifunguke. Bwawa moja, shamba moja. Asubuhi lilipojaa, watu watatu walikuwa wamesimama ukutani na majembe.

Nakijwa akatangulia. "Chilongani, mimi nilisimama nawe wakati huna mtu. Bila wa kwanza hakuna wa pili. Jana mashemeji zangu wamekuja kulipima shamba kwa hatua, mbele yangu, kama mimi nimekwisha ondoka. Mahindi yasipopata maji leo, sina kwangu. Nimemaliza."

Mzee Senkondo akakohoa kidogo. Naam, Senkondo! Naye alikuja na jembe.

"Mama huyu namheshimu," akasema, "lakini tusidanganyane. Alisimama pale nusu siku, akavuta wangapi? Hata mmoja. Wale hamsini na tisa waliomfuata ni nani aliyewaita? Mimi, kwa kinywa changu. Jina lako ni nani aliyelieneza hadi likafika kwa wasiokujua? Mimi, kwa katazo langu. Chilongani, hakuna mtu katika Vumbwe aliyekufanyia kazi kunizidi. Ulisema utampa atakayekupa kizibo. Hukusema atakayekupenda. Tena shamba la mama liko mwisho wa mfereji, na nusu ya maji itanywewa na udongo njiani."

Watu wakaguna, wakatafuta uongo katika maneno yale, wasiuone. Mimi mwenyewe nimeutafuta miaka mingi.

"Shikamoo, baba mkwe," akasema Mbonea. Baba mkwe hakuitikia. "Hao sitini bila mimi ilikuwa sare, na sare ni yako. Na mama huyu, nisamehe mama, uliacha nini ulipoingia topeni? Shamba lako lilikuwa kavu tayari. Mimi nilikuwa na maji nikayaacha. Mke wangu amerudi kwa baba yake, nyumba imebaki kuta. Maharage yangu ndiyo yanatoa maua sasa, na sina kingine."

"Ulivuka kwa kuwa uliniamini?" Chilongani akamwuliza.

"Hapana. Hata leo sikupendi. Nilichoka kumwona baba mkwe akitabasamu."

Watu wakaangua kicheko. Lakini alivuka, na bila yeye kizibo kisingetoka mkononi mwa Senkondo.

Basi wote wakamkazia macho Chilongani. Walimchagua kwa kuwa hakosi neno, wakangoja neno. Akafumbua mdomo, akaufumba. Akamtazama mjane, akamtazama mzee, akamtazama mkwe.

"Sema, bwana!" wakapiga kelele. "Si ndiyo kazi yako, kusema?"

"Haya, nasema," akajibu Chilongani, na uso wake ulikuwa umeanguka. "Kila mmoja kati ya hawa amenipa kizibo. Nilipotoa ahadi ile sikufikiri. Mimi ni mjinga kama nyinyi."

Kwa mara ya kwanza tusi lake halikumchekesha mtu. Na hapohapo, kwa kuwa bwawa lilikuwa limejaa pomoni na kijito bado kinadondosha, maji yakaanza kupita juu ya ukuta, yakichuruzika upande wa korongo, ambako hakuna shamba la mtu. Watu wakaendelea kubishana, huyu anasema wa kwanza, huyu anasema wa mwisho, wengine, bila haya, wanasema Senkondo. Nakijwa hakubishana. Alikuwa anayatazama yale maji yanavyopotea.

Hapo ndipo ninapokasirika kila nikiisimulia, kwa sababu kila ninapoisimulia wasikilizaji nao wanabishana hivyohivyo, nusu wamenuna, na korongo linakunywa. Msinijibu kwa adabu, basi, na msiniambie suala langu limepokelewa. Mkono wa Chilongani uko kwenye kizibo na jua linapanda. Je, ni nani hasa aliyempa kizibo kile, na maji yale yaende katika shamba la nani?