Chujio Lililofuliwa kwa Sabuni

Sogeeni, na mwenye mtoto akae karibu na mlango. Nina kesi hapa, nataka mnisaidie kuikata, maana mwenyewe, mama mmoja aitwaye Sikudhani, imemshinda.

Katika kata moja yenye vumbi jekundu walikuwepo watu watatu. Bi Mashavu alikuwa na masikio. Alimiliki mashine ya kusaga, na injini ikikohoa tu alijua inaumwa nini. Shomari, dereva wa gari la zahanati, alikuwa na miguu. Hakuna aliyempita kwa mbio. Mwalimu Zaituni alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Ukiisifu kanga yake, anakuachia.

Shomari alikuwa na jambo jingine: usafi. Asubuhi moja alifungua boneti akakuta chujio la hewa limejaa vumbi. Chujio lenyewe ni karatasi iliyokunjwa marinda marinda kama sketi ya shule. Angeweza kulikung'uta, au kuagiza jipya. Yeye alilifua. Alilifua kwa sabuni ya mche, akalianika kambani pamoja na fulana zake. Kabla halijakauka, muuguzi akamwita: Sikudhani ana uchungu tangu usiku, mtoto amelala vibaya, apelekwe hospitali ya wilaya upesi. Shomari akalirudisha likiwa bichi, wakaondoka.

Bi Mashavu, aliyeombwa kumsindikiza, alikuwa kiti cha nyuma, amemshika Sikudhani. Gari lilipoanza kupanda kilima likaishiwa nguvu. Shomari akasema ni dizeli chafu. Bi Mashavu akasema hapana, injini inakosa pumzi. Akashuka, akafungua, akatoa kitu kilicholowa na kubondeka kama mkate ndani ya chai. Shomari akataka waende hivyo hivyo, bila chujio. Bi Mashavu akakataa; mashine yake ya kwanza ilikufa kwa kula vumbi.

"Gari ni hili moja," alimwambia Sikudhani. "Likisagika leo, mwenzako wa kesho atabebwa na nini?"

Sikudhani, kiuno kikimpasuka, hakutaka kusikia habari za mwenzake wa kesho. Alimtukana Bi Mashavu tusi ambalo sitalirudia mbele ya watoto. Bi Mashavu akaendelea kumsugua kiuno.

Shomari akamkumbuka Mwalimu Zaituni. Juzi yake alikuwa amemletea chujio jipya kutoka mjini, na magari yao yalikuwa ya aina moja. Akavua viatu, akakimbia kilomita tatu hadi nyumba za walimu, jua la saa saba likimchoma utosi. Akakimbia tatu nyingine kurudi, boksi kifuani, nyayo zinatoka damu. Gari likapata pumzi. Njia nzima aliomba radhi, na njia nzima Sikudhani alimwambia anyamaze.

Gari la Mwalimu Zaituni lilikuwa juu ya mawe, matairi yako kwa fundi mpaka jioni. Chujio lake la zamani lilichanika, ameshalitupa. Alfajiri ya kesho yake alitakiwa kusafiri kwenda kwenye arobaini ya mama yake. Shomari alipofika akihema, mwalimu hakuuliza swali hata moja. Alimpa boksi, akampa na maji ya kunywa. Gari la zahanati lilirudi kesho yake mchana, na basi huko hakuna; arobaini ikasomwa bila yeye.

Mtoto alizaliwa saa kumi, wa kike, mzima. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wasingepona wote wawili.

Sasa, kwao mtoto hupewa jina siku ya saba, na jina hutoka kwa aliyemfikisha salama. Huyo huwa somo wake, ndugu wa maisha, na kwa mtoto mmoja somo ni mmoja. Siku hiyo uani palijaa watu, uji wa mzazi ukapoa, ugomvi ukaanza.

Bi Mashavu alisema bila yeye wangekuwa bado wanailaumu dizeli. Shomari akaomba jina la mama yake.

"Wewe?" Bi Mashavu akacheka. "Dobi wa injini?"

"Kosa ni langu," Shomari akasema. "Na miguu iliyokimbia ni yangu vilevile."

Mwalimu Zaituni akasema kwa upole kwamba yeye hadai. Ila arobaini ya mama haisomwi mara mbili.

Sikudhani akasimama kwa hasira, mtoto kifuani. Mmoja alimchelewesha. Mwingine ndiye aliyeiharibu safari. Wa tatu anasema hadai, kumbe anadai. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuweza kumchukia hata mmoja: kila akijaribu, alikumbuka ule mkono kiunoni, zile nyayo, lile boksi lililotolewa bila swali.

"Mlimwokoa, sasa mnamgawana kama nyama," akawaambia. "Tokeni nje, wote."

Wakatoka. Wamekaa huko, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na mtoto bado anaitwa "huyu". Aliyeharibu kisha akatengeneza, tumhesabu, au alikuwa anafuta kosa lake tu? Aliyesema kweli iliyouma, na aliyetoa kisichorudi, nani zaidi?

Je, wewe ungekuwa Sikudhani, ungeamua vipi, ukijua jina hilo ni wewe utakayeliita kila asubuhi?