Kinyonga Kando ya Bakuli

Wapendwa, leo nina habari za kinyonga. Mama zangu kule nyuma, msikunje nyuso! Najua mnamwogopa. Hata mama ninayemsimulia alimwogopa.

Mume wake alikuwa mlinzi wa msitu huku milimani, miaka thelathini anatembea kwenye ukungu. Kiharusi kikamlaza. Maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa jasho. Akageukia ukutani, akaacha kula. Mama akaona, jamani, huyu ananiondokea. Akasema, kama hawezi kwenda msituni, basi msitu utakuja kwake.

Akatengenezesha sanduku la kioo, kubwa kama kabati, akaliweka mbele ya kitanda. Chini kokoto, juu yake mkaa, juu yake udongo mweusi wa msituni. Akapanda majani ya kivulini, akasimamisha matawi, akaweka bakuli la maji. Kisha wakazi: vyura wawili, mjusi wa kijani, na kinyonga, aliyeletwa kwenye ncha ya fimbo ndefu huku mama amefumba jicho moja.

Asubuhi jua lilipopita dirishani, ukungu mdogo ulitanda ndani ya kioo. Majani yakawa kama yanaelea. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba. Mzee akageuka kutoka ukutani. Alitazama mpaka akasinzia, akaamka, akatazama tena, asijue yuko kitandani au yuko msituni. Siku hiyo akaomba uji. Mama alilia kwa furaha!

Sasa, mama huyu ni wa wale wa usafi. Mnawajua. Kila asubuhi alichukua kitambaa akafuta kioo, akafuta na majani, jani kwa jani, mpaka yakauke, ili mzee wake aone vizuri.

Wiki ya pili kinyonga akaanza kufa. Macho yakazama, ngozi ikawa rangi ya majivu. Na bakuli limejaa maji pale chini yake! Vyura wanaogelea! Mzee naye akausukuma uji. Mama akawaza: akifa huyu, na wangu anamfuata.

Mzee akainua mkono. "Mama... ki..."

"Kinyonga, ndiyo, baba, nimemwona. Maji nimeshambadilishia. Wewe pumzika." Huyo, na kitambaa chake, akawahi shambani.

Kesho yake akajaribu tena. Mama akamalizia tena, akaenda zake. Na kesho kutwa hivyo hivyo.

Alhamisi mvua ikanyesha, hakuna pa kwenda. Mama akakaa kitandani, amechoka hata kusema. Mzee akavuta pumzi.

"Kinyonga... hanywi... bakulini. Anakunywa... matone... majanini. Usifute."

Mama akachovya tawi kwenye maji, akalikung'uta juu ya majani. Kinyonga akageuza jicho moja. Taratibu akafungua mdomo, akanywa tone. Akanywa jingine. Alikunywa muda mrefu, na wale wawili wakamtazama wameshikana mikono.

"Baba wee! Mbona hukuniambia mapema?"

Mzee akamtazama kwa upole. "Nilianza... Jumatatu."

Sisi je? Tunapika, tunafua, tunajaza bakuli, kisha tunashangaa mtu wa nyumbani mwetu anakauka. Mkeo alianza kukwambia nini wiki hii, ukamalizia wewe? Mwanao je? Usinitazame mimi, jitazame!

Ama nitazameni tu. Jumapili iliyopita mama mmoja wa kanisa hili alinishika mkono pale mlangoni, akasema, "Mchungaji, mimi..." Nikamkatiza: "Nitakuombea, mama." Nikamgeukia mwingine. Nimemwombea wiki nzima, na sijui alitaka kusema nini. Leo sijamwona kwenye kiti chake.

Kwa hiyo wimbo wa mwisho mtaimba bila mimi, na wazee wa kanisa watawaaga mlangoni. Nyumba yake naijua. Naenda kukaa, na safari hii nitafunga mdomo.