Jiko la Kalunde

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi, bali zamani ya juzi ambayo mashahidi wake bado wana meno, palikuwa na mwanamke wa Kinyamwezi aitwaye Kalunde. Kalunde hakuvuta tumbaku hata siku moja. Mumewe Maganga alivuta kwa niaba ya wote wawili. Alivuta kiko alfajiri, akavuta baada ya kula, akavuta kitandani, na kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa yao Kalunde alilala ndani ya wingu.

Aliyeugua mapafu ni Kalunde.

Katika hospitali ya mjini walimpasua, wakaitoa saratani pamoja na kipande cha pafu. Daktari, mama mmoja mfupi asiyependa kurudia maneno, akawaita jamaa.

"Wako watu wanaozaliwa na kasoro ndogo katika miili yao, wameirithi," alisema. "Moshi ukiwaingia, wao huumia upesi kuliko wenzao. Lakini msidanganyike, moshi humuua hata asiye na kasoro. Kwa huyu mama, damu imechangia kiasi gani na moshi kiasi gani, siwezi kuwapimia kwa kibaba. Ninachojua ni kwamba asiuone moshi tena. Wa kuni, wa kiko, wa namna yoyote."

"Tumesikia," waliitikia wote. Wakarudi nyumbani, wakakuta jiko limezimika.

Sasa nani atapika? Bi Nyanzala, mama yake Maganga, aliyekuwa na uhakika kwamba yeye hana hatia, ndiye aliyetoa kanuni: "Aliyemletea mkamwana wangu ugonjwa, huyo ndiye ashike mwiko mpaka mwisho wa maisha yake." Wote wakaikubali, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Na kwa kuwa ndugu hamhukumu ndugu bila kununiana hadi mavuno, aliitwa mtani. Mtani wao alikuwa Pazi, Mzaramo fundi baiskeli, ambaye kwa desturi ya utani anaweza kumtukana Mnyamwezi hata akiwa kitandani, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Pazi alifika na mkeka kwapani.

"Kalunde! Niliambiwa unakufa, nikaja na mkeka wa matangani. Kumbe unakunywa uji! Hamna aibu nyie, mnasumbua watu bure."

Kalunde alikuwa ameketi uani, na binti yake Kabula, msichana wa miaka ishirini, amemshikia bakuli la uji ulioletwa na jirani. Akacheka, akashika mshono kwa mkono. "Tandika ukae, Mzaramo. Nitakuzika mimi, tena mchana kweupe."

Mwiko ukawekwa juu ya kinu kilichofunikwa. Pazi akaanza hukumu.

"Maganga, mla moshi, wewe umesimama karibu na mwiko kuliko wote. Sema."

Maganga akatoa kiko mdomoni. "Mtani, mimi nimevuta miaka arobaini. Moshi wa kwanza naupokea mimi, yeye anapata makombo. Nitazame! Jana nimepanda baiskeli na gunia la mpunga. Kama moshi ungekuwa unaua, ungeanza na mwenye kiko. Tatizo ni damu ya kwao. Basi mwiko si wangu."

"Daktari alisema nini juu ya asiye na kasoro?"

"Alisema mengi."

"Alisema moshi humuua hata huyo. Wewe umebahatika tu, na bahati haina mkataba. Kaa chini. Nani anaisemea damu?"

Damu iliwakilishwa na Mzee Shija, baba mdogo wa Kalunde, aliyemlea. Siku ya posa, Shija ndiye aliyejibu maswali ya washenga. Walimuuliza kama ilivyo desturi: Je, ukoo wenu una ugonjwa gani? Naye alijibu: Sisi huondoka kwa uzee tu. Kalunde alikuwa nyuma ya mlango siku ile, na sasa aliyarudia maneno yale neno kwa neno, mbele ya wote. Akayataja pia makaburi. Babu yake alikufa akikohoa. Shangazi Milembe alikufa akikohoa. Baba yake alikufa akikohoa, na uzee wake ulikuwa miaka arobaini na sita.

"Mzee wangu," alisema Pazi, "kwenu uzee unaanza mapema."

Shija akajikuna kidevu. "Damu mimi sikuitengeneza, mtani. Niliikuta. Na dada yake Kalunde, Mwashi, si ana damu hiyo hiyo? Ameolewa kwa watu wanaopikia nje, mumewe havuti, na juzi amechota maji huku akiimba. Damu peke yake imelala kama paka. Aliyeiamsha ni moshi. Basi mwiko si wangu."

"Hukumwambia mtoto kwamba paka yumo ndani!"

"Ningesema, huyu Maganga angeoa?"

Maganga akasimama. "Ningemwoa hata kesho yake!"

"Na kiko ungekiacha?"

Maganga akakaa. "Kiko ni jambo jingine."

Akabaki Bi Nyanzala. Jiko lile alilijenga yeye, lilikuwa na dirisha, na dirisha aliliziba yeye kwa udongo, mwaka mmoja kabla ya kumpokea mkamwana. Juu ya mafiga alitundika mahindi ya mbegu, ili moshi uyakaushe na fukusi wasiyaguse. Dirisha likiwa wazi, moshi unatoroka. Kalunde alipika humo macho yakimtoka machozi, na kila msimu mbegu za Bi Nyanzala zilisifiwa kijiji kizima.

"Mimi nilipika humo kabla yake," alisema Bi Nyanzala, akijipiga kifuani pakalia kama ngoma. "Sikilizeni! Kuna ufa hapo? Na mbegu zile mmekula nyote, hata wewe, Mzaramo usiyelima. Jiko langu halikuua mtu. Lilikutana na damu ya Shija na kiko cha mwanangu. Basi mwiko si wangu."

Pazi akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Damu inasema bila moshi isingeamka. Kiko kinasema mwenye kiko mzima. Jiko linasema mwenye jiko mzima. Kila mmoja shahidi wake ni mwili wa mtu.

Ndipo Bi Nyanzala akapata wazo, na uso wake ukang'aa. "Lakini tunagombana nini? Kabula si yupo?"

"Kweli!" alisema Shija.

"Kweli kabisa," alisema Maganga, "mtoto wa kike yupo." Kwa mara ya kwanza siku ile watatu wale walipatana. Kabula, mtiifu, akaweka bakuli chini na kunyoosha mkono.

Kalunde aliuwahi mwiko. Hakuna aliyemwona akiinuka. Aliukumbatia kifuani, juu ya mshono, akihema kama aliyepanda mlima.

"Damu yangu anayo," alisema. "Kiko cha baba yake amekivuta tangu yuko tumboni. Na mnamtaka aingie jiko lile lile. Mimi mmeniguguna nusu, huyu hamumpati. Kabula, kesho unakwenda kwa mama yako mkubwa Mwashi. Na mwiko huu nitampa mmoja kati yenu watatu. Hapiki mwingine."

Maganga akatazama kiko. Shija akatazama ardhi. Bi Nyanzala akatazama lile dirisha la udongo. Pazi, mwenye ulimi wa kuwatukana wote, akawageukia majirani waliokuwa wamejaa uani kusikiliza, akawatupia wao hukumu.

Je, nani alistahili mwiko: aliyejua akanyamaza, aliyevuta akapona, au aliyeziba dirisha akasifiwa mbegu? Jibuni upesi, wenzangu, mgonjwa hajala.