Sultani na Ngazi ya Mafundi

Hapo zamani, katika mji wa Kitutuni, palikuwa na Sultani mpenda majumba, na palikuwa na chama cha mafundi wa ujenzi kilichoshika sana ada zake. Mwashi haigusi kazi ya seremala, seremala haigusi kazi ya mwashi, na ngazi ya chama haipandwi na mtu asiyekula yamini yao. Chini kabisa ya chama hicho alikuwako Msabaha, mkandaji chokaa, hana mbele wala nyuma, ila ulimi anao.

Basi siku moja seremala wao, Fundi Bwanakheri, aliwazuia wenziwe wasipande jukwaa kwa kuwa miti yake ilikuwa imeoza. Kazi ya jumba la Sultani ikasimama, naye akaona amedharauliwa. Akamtia gerezani, kisha akatoa amri: "Kuta za chumba changu cha hazina zisiposimama leo kabla ya alasiri, seremala huyu atafukuzwa mjini, wala hatamwona tena mkewe na wanawe."

Mafundi wakaweka chini miko yao ya kujengea kwa uchungu. "Mwenzetu yumo ndani, nasi tujenge?"

"Tujenge," akasema Msabaha, "tena mbio."

Wakamwita kibaraka, na mmoja akamrushia chokaa usoni. Msabaha akajipangusa, akawanong'oneza maneno mawili matatu, ikawa wote wanacheka. Wakashika miko yao.

Naye Sultani, kwa kutowaamini, akaweka kiti chake katikati ya msingi apate kuwasimamia. Jua likapanda, na kuta zikapanda. Akala halua, akanywa kahawa, akasinzia. Alipoamka, kuta nne zilikuwa zimempita kichwa.

"Hodari nyinyi! Mlango uko wapi?"

Msabaha akachungulia kutoka juu. "Ewe bwana wetu, mlango ni kazi ya seremala. Mwashi haachi nafasi mpaka seremala asimame hapo na miimo yake ya mlango. Na seremala unaye wewe."

Askari wakataka kuubomoa ukuta. Sultani akapiga kelele, "Chokaa mbichi hii! Mwataka iniangukie?"

"Ngazi ipo, bwana wetu," akasema Msabaha, "lakini ni ya chama. Kula yamini kwanza, kwamba mwenzetu akiwa taabuni hutagusa kazi yako mpaka atoke."

Sultani akatukana, akazunguka kiti chake, akatishia kukata vichwa. Jua la adhuhuri likamchoma utosini. Basi akaapa, akapanda, kilemba kwapani, akateremkia upande wa pili.

Hata maji hajanywa, waziri, akidai kwamba kuta zisizo na mlango hazijasimama, akamletea waraka wa kumfukuza Bwanakheri, autie muhuri. Sultani akashika muhuri. Msabaha akakohoa.

"Bwana wetu, kutia muhuri si ndiyo kazi yako?"

Sultani akamtazama, akautazama muhuri, akacheka mpaka akakalia rundo la mawe. "Waziri, siwezi. Mwenzetu yumo gerezani. Mtoeni upesi, la sivyo mji mzima utalala bila Sultani!" Akavua joho lake akamvika Msabaha, naye akarudi nalo kwenye chokaa yake.

Bwanakheri akatoka, akawakumbatia mkewe na wanawe huku machozi yakimtoka. Kisha, alipokwisha kusimuliwa yote, macho yake yakaangukia ile ngazi. Akaitikisa, akakuta kipandio kimoja kimelegea, akafoka mbele ya watu wote:

"Nani huyu aliyempandisha mwenzetu kwenye ngazi mbovu?"